Siku Mkanda wa Obure Ulipofunguka

Sogeeni. Sauti yangu haifiki mbali tena, na daktari wa Kericho ameshaniambia bila kuzungukazunguka kwamba hili koo halitafunguka, kwa hiyo asiyetaka kusogea atayakosa maneno yangu na asije akalia matangani kwamba Mzee Omariba alikufa bila kusema. Mama Obure, niwekee huo mto mgongoni. Janefer, binti yangu, zima redio ya jikoni. Obure, mwanangu wa kwanza, keti hapo kwenye stuli mbele yangu, wacha kujibanza nyuma ya pazia tangu wageni walipoingia. Na nyinyi wageni wangu, Kimeli jirani yangu na binti yako Chepkirui, asanteni kwa kuitika mwito wangu. Chepkirui, naona umechagua kiti cha karibu na mlango. Kaa hapo hapo. Mimi si mtu wa kukuambia usogee.

Wacha nianze na mambo mepesi wakati pumzi bado ipo. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka siku Mungu atakapomwita, na hakuna mtu wa kumwambia ahamie jikoni. Chai ya upande wa mto mtagawana nusu kwa nusu, Obure na Janefer, na mpaka uwe ule mtaro wa maji. Najua wajomba watapanda gari kutoka Kisii waje kusema binti hapewi shamba. Wapeni chai, wasikilizeni mpaka wachoke, kisha waambieni baba alisema. Ng'ombe mweusi asichinjwe kwenye matanga yangu. Watu wale ugali na mboga, wakitaka nyama wafe wao ndio tukale kwao. Unacheka, Mama Obure? Cheka, nimekosa kuona meno yako siku nyingi.

Na wale wazee wa kanisa walioniondoa kwenye kiti changu kwa sababu nilifundisha wasichana kuvaa suruali na kuinua mguu mbele ya wanaume, waacheni waje kunizika. Nilikaa na hasira nao mpaka nikawa nabadilisha njia nikiwaona. Sasa hasira imeisha. Sijui kama ni wema au ni uchovu, lakini imeisha, na nyinyi msiirithi.

Nikisema hayo nimemaliza mambo ya kawaida, na ningekuwa mzazi wa kawaida ningewabariki hapa nikalala. Lakini kuna jambo limenikalia kifuani zaidi ya huu ugonjwa, na jambo hilo nyote mnalijua, mlikuwepo, na mmenyamaza kwa sababu mimi ni mgonjwa na nyinyi mna adabu. Janefer, wewe unaniosha, unanigeuza, unaniletea uji, na tangu mwezi wa nane hujanipa neno lolote isipokuwa dawa na maji. Sikulaumu hata kidogo. Kila ukiingia na beseni lako natamani ukuta unimeze.

Ni habari ya shule yetu ya tekwondo. Nani ataishika, na nani atasimama mbele, upande wa kulia, mahali pa mkubwa wa mstari. Ili nilitoe hilo vizuri lazima nitoke mbali, mnivumilie.

Nyinyi mnajua nilijifunza mchezo huu Nairobi nikiwa askari wa lango. Tajiri wangu alikuwa Mkorea mwenye kiwanda cha nywele za bandia, Mzee Pak, mtu mfupi mwenye shingo ya fahali, na kila asubuhi alifanya mazoezi uani akanipa ngao nimshikie apige teke. Aliponipiga nikaanguka juu ya maua ya mkewe, nikaamka nikashika tena, alicheka, akasema nivue buti. Ndivyo nilivyoanza. Alinipandisha polepole sana, kutoka mkanda mweupe hadi wa njano, wa kijani, wa bluu, mwekundu, na mweusi alinifunga kiunoni kwa mikono yake siku aliyokuwa anarudi kwao. Lakini kabla ya teke hata moja, kabla hajanionyesha namna ya kukunja ngumi, alinifundisha kwamba mkanda wa mwenzako ukifunguka, au koti lake likiachana, pambano linasimama na wewe unampa mgongo. Humtazami. Unangoja ajifunge, ajiweke sawa, kisha unageuka. Nilipomwuliza kwa nini, alisema mtu aachiwe aibu yake aimalize mwenyewe.

Nilipenda sana neno lile. Nikajiambia, kumbe hawa watu wa mbali wana chinsoni kama sisi Abagusii! Kimeli, wewe ni Mkipsigis, lakini umekaa nasi miaka, unaijua chinsoni yetu: baba haingii chumba cha mwanawe wa kiume, mwana huyo hamshiki baba mwilini, mmoja hamwoni mwenzake akiwa nusu uchi, na ikitokea kwa bahati mbaya kila mtu anageuza uso na hakuna anayelitaja. Nililelewa hivyo na nikawalea hawa hivyo.

Basi nilirudi huku kwenye chai, nikaomba banda la kupimia majani litumiwe Jumapili wakati hakuna majani, na kwenye ndoano ya mizani tukaning'iniza gunia lililojaa vitambaa tukalipiga mateke. Watoto walikuja. Wa Kisii wakaja, wa Kipsigis wakaja, wakasimama kwa mkanda wala si kwa kabila, mwenye mkanda wa juu mbele hata kama ni mdogo. Mwaka ule watu walipofukuzana kwenye mpaka na nyumba za wetu zikachomwa, huyu Kimeli aliyehamia kutoka Chebunyo na mbuzi wake wachache alikaa kwenye lango langu na upinde magotini, akawaambia vijana wa kwao kwamba atakayepita atapita juu yake. Sitaki kuisema sana hiyo, ataona namlipa kwa maneno. Naisema ili Obure asikie Chepkirui ni mtoto wa nani.

Sikieni sheria ya shule yangu. Hakuna mtu aliyepata mkanda mweusi kwangu bila kupigana na mimi mwenyewe. Awe amecheza mifumo yote ya ngumi na mateke vizuri, awe amevunja mbao za saipras kutoka Londiani mpaka vumbi linaruka, asiposimama mbele yangu nikamjaribu, akaniogopa kisha akaacha kuniogopa, hajapata. Nimewapima hivyo wote. Janefer hapa alinitoa damu ya pua, na nikafurahi nikanunua soda za watu wote.

Wote isipokuwa wewe, Obure.

Usiangalie chini. Siku yako ilipofika ulivaa, ukacheza vizuri, ukavunja mbao, na ilipofika zamu ya kupigana nilikutazama, nikaona mwanangu wa kwanza atanyanyua mguu autie kichwani mwa baba yake. Hiyo kwetu haifanyiki. Na mimi nitamshika kiuno mwanangu nimwangushe? Haifanyiki. Nikasema imetosha, nikakufunga mkanda. Hakuna aliyeuliza. Wazee wa kwetu waliokuwepo walitikisa kichwa wakasema huyu Omariba bado ana adabu ya nyumbani. Ningeweza kukupeleka kwa mwalimu mwingine Nakuru akupime, lakini niliona nitasemwa kwamba simwamini mwanangu. Nikakuacha na mkanda ambao hujui kama ni wako. Na wewe ulijua. Kila Jumapili ulifunga ule mkanda kwa nguvu kuliko mtu yeyote pale bandani, na niliona, na nilinyamaza.

Maji, Mama Obure. Kidogo tu, ya kulowesha. Haya.

Sasa Jumapili ile ya mtihani. Banda lilijaa mpaka watoto wakakaa kwenye meza ya karani wa majani. Benchi la mbele walikaa wakwe zako watarajiwa, Obure, wazee waliotoka Nyamira kuja kuona ni nyumba gani binti yao anaolewa, na mama mkwe mwenyewe kajifunga leso mpya. Wa kupimwa mkanda mweusi alikuwa mmoja, Chepkirui, binti anayechuma majani tangu kunapokucha, anakimbia juu ya mlima na kikapu mgongoni kisha anakuja mazoezini kana kwamba ametoka kulala. Mimi sikuweza kusimama tena. Nikakaa kwenye kiti, nikasema Obure atapigana badala yangu. Janefer awe mwamuzi.

Chepkirui alianza kwa heshima. Alikuwa anarudi nyuma, anakupa nafasi, mpaka nikamwita kwa ukali nikamwambia hapa hatuchezi arusi, pigana! Mimi ndiye niliyesema hivyo. Basi akapigana. Alizunguka mara moja, kisigino kikakupata kwenye kofia ya kinga upande wa sikio, ukaenda chini chali kwenye saruji, na mkanda ukafunguka, koti likaachana, na tumbo la mwanangu likabaki wazi mbele yangu na mbele ya wakwe zake.

Nikageuza uso. Hata sikufikiri, shingo iligeuka yenyewe kama inavyogeuka tangu nilipokuwa mtoto. Na Chepkirui naye akafanya nilivyomfundisha. Alikupa mgongo. Alisimama akitazama ndoano ya mizani, mikono imetulia kando, akingoja ujifunge. Janefer alishainua mkono kusimamisha. Nawe ukasimama, mkanda umeushika mkononi unaburura, na badala ya kujifunga ukampiga teke la nyuma ya bega, kwa nguvu zote, mtu aliyekupa mgongo kwa heshima.

Mfupa ulilia kama kuni kavu. Nyote mliusikia.

Janefer akanigeukia akaniuliza mbele ya watu, Baba, umeona? Na mimi nikasema, sikuona, niligeuza uso. Na wale wazee wa Nyamira wakaguna wakakubali, kwa sababu ndivyo baba anavyotakiwa, baba hawezi kumtazama mwanawe katika hali ile. Nilikuwa nimepata mahali pazuri sana pa kujificha. Hakuna mtu wa kwetu angenitoa pale.

Nilikuwa nimeona, wanangu.

Niligeuza uso lakini sikuugeuza wote. Nilibakisha jicho moja, kwa sababu mimi ni mwalimu wa mapigano na jicho langu halijawahi kuacha mtu peke yake uwanjani. Niliona mguu wako ukiondoka chini. Niliona ulivyokunja uso. Ningeweza kupiga kelele, koo lilikuwa bado lina kazi, na Chepkirui angeinama tu teke lipite hewani. Sikupiga kelele. Na baada ya hapo, nikiwa na nafasi ya kusema ukweli mbele ya wote, nikanyoosha mkono nikasema kwamba Chepkirui hakumaliza pambano, hajapita. Nilikuwa nakufunika wewe, Obure. Nilikuwa nafunika ule mkanda niliokupa bila kukupima, kwa maana niliogopa watu wakiona wako ni mtupu watauliza na mingine, na mwishoni watauliza na wangu. Nikachukua adabu ya wazee wangu nikaifanya blanketi ya kufunikia uongo.

Na binti huyu, mkono umening'inia hauna kazi, aliniinamia. Mnakumbuka? Alijisogeza mpaka mbele ya kiti changu, uso umekuwa kama majivu, akaniinamia kama nilivyomfundisha, akarudi nyumanyuma mpaka mlangoni bila kunipa mgongo, ndipo akatoka. Nimepigwa na wanaume wakubwa katika maisha yangu. Sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na ile heshima.

Tangu siku ile kinachoninyima usingizi si koo, ni aibu. Wasichana wote wameacha kuja. Mama zao wakipita hapa kwenda kupima majani wananisalimia vizuri, habari ya mgonjwa, pole mzee, na hakuna anayeniambia kwa nini amemwondoa mtoto wake, na mimi siulizi. Chepkirui alirudisha sare yake imefuliwa na kukunjwa, akampa Janefer. Mkono bado uko kwenye kitambaa, nauona, na msimu huu wote hajachuma hata jani. Na Kimeli, wewe uliniletea maziwa wiki iliyofuata. Uliyaweka pale nje ukaenda. Niliyanywa nikiwa nalia, mama yenu atawaambia.

Wakwe zako hawajarudi, Obure. Unadhani ni kwa sababu ulianguka. Mtu kuanguka si kitu, mimi nimeanguka juu ya maua. Hawakurudi kwa sababu wana binti, na waliona unampiga binti wa mtu mgongoni na baba yako anatazama pembeni.

Usitoke! Obure, keti. Ukitoka sasa hivi nitakufa nikiwa nimemwita mtu mgongoni kwake, na sitaki hivyo. Keti. Naam. Sina ugomvi na wewe. Nilipaswa kukwambia haya siku nilipokufunga ule mkanda, na nilipaswa kukuacha unipige kichwani tukamaliza. Ulibeba kitu kizito nilichokubebesha mimi. Lakini mguu ulikuwa wako, na huo utaujibu wewe.

Sasa hili ndilo neno langu kuhusu shule. Obure atavua mkanda mweusi. Atavaa mweupe, asimame mwisho wa mstari pamoja na watoto wa darasa la pili, na apande kama wanavyopanda wengine, na atakayempima asiwe ndugu wala shemeji wala mtu wa chinsoni yake. Janefer atashika mambo ya shule, sare, banda, mazungumzo na kamati ya majani. Na anayesimama mbele upande wa kulia, anayeitwa Sabum, yaani mwalimu mkuu, baada yangu, ni Chepkirui binti Kimeli. Chepkirui, siku ile ulipita. Ulipita kabla hujapigwa. Janefer, toa mkanda wangu, ule wa Mzee Pak, uko ndani ya sanduku la blanketi, mpe.

Mbona hashiki?

Chepkirui, sema mwanangu. Sema kwa nguvu kidogo, sikio hili la kushoto limekufa. Nini? Janefer, niambie anasema nini.

Anasema... Haya. Anasema anashukuru. Anasema haya maneno angeyapenda sana, lakini aliambiwa hajapita mbele ya watu wote, pale bandani, na leo anaambiwa amepita ndani ya chumba cha mgonjwa, mlango umefungwa. Anasema akitoka hapa na mkanda huu watu watasema mzee alichanganyikiwa na dawa, au watasema Kimeli alikuja kuombaomba. Kwa hiyo hataki.

Kimeli, usimnyamazishe. Mwache.

Ai, binti wewe. Hata kutubu nimetubu kwa kujificha. Niliwaita chumbani, nikafunga mlango, nikazima redio, nikajiona mwanamume kwa kusema ukweli mbele ya watu watano wanaonipenda. Niliyoyaharibu uwanjani nikataka kuyatengenezea kitandani. Una haki. Una haki kabisa.

Mama Obure, ni saa ngapi? Jua liko upande gani wa dirisha? Basi majani yanapimwa sasa hivi. Lori la kiwanda halijafika. Watu wote wako bandani na magunia yao, wa Kisii, wa Kipsigis, mama wa wale wasichana, wote. Nipelekeni.

Najua daktari alisema nisitikiswe. Daktari hakuwa bandani Jumapili ile. Nikifia njiani mtanizika, si mlikuwa mnajiandaa? Msilete kiti, njia ya katikati ya chai ni nyembamba, hamtapita watu wawili sambamba. Janefer ana nguvu lakini anahitaji kushika hizi dawa. Kimeli ana mgongo mbaya.

Obure.

Najua. Najua tangu nianze kukaa kitandani hujanigusa, unasimama mlangoni unaniuliza hali, unaniwekea matunda kwenye meza na kuondoka, na umefanya sawasawa kama nilivyokulea. Leo nakutoa katika hiyo sheria. Mimi baba yako nakutoa, na mama yako ni shahidi, na nikifika kwa wazee wangu nitajibu mwenyewe. Njoo uniweke mgongoni. Chuchumaa. Hivyo. Mama, nifunike miguu na hiyo shuka, nisiwe kituko. Haya, simama.

Mbona husogei? Mimi si mzito tena, Obure, umebeba magunia ya majani yaliyonizidi. Tembea tu. Shingo yako... una kovu hapa nyuma ya shingo, sikuwa najua. Lilitoka wapi? Ulianguka kwenye mti wa mapera? Lini? Na hukuniambia.

Polepole kwenye mtaro. Hapa chai imepogolewa vibaya, Janefer, mwambie kijana asikate chini hivyo. Naongea sana, lakini nikinyamaza sitaanza tena. Chepkirui yuko wapi? Anakuja? Mwambieni apite mbele. Mimi nisitangulie.

Wanangu, niwabariki nikiwa njiani, kwa sababu huko... nikifika huko sijui kitakachobaki. Mungu awape kinywa cha kusema mapema. Mtu akiwaonea awape nguvu, na nyinyi mkimwonea mtu awanyime usingizi mpaka mseme. Janefer, Mungu akupe nyumba isiyokuzimisha. Mama Obure, umenivumilia. Kimeli... Kimeli, sijui nikutakie nini. Watoto wako wasikose mlango wowote. Obure, upate mke. Upate mtoto, na siku akitaka kukupiga kichwani umwache.

Ndio sauti ya mizani hiyo. Wamegeuka. Wametuona.

Karani, samahani... simamisha mizani kidogo. Kidogo tu, mwanangu, hayataharibika. Mama Nyabuto, sogea karibu, na wewe, na nyinyi wa kule nyuma. Sina sauti. Janefer, nikisema wewe rudia kwa nguvu, neno kwa neno, usipunguze.

Mimi Omariba... mwalimu wa hapa. Sema, Janefer. Mwezi wa nane nilisema sikuona. Niliona. Nilimwona mwanangu akimpiga huyu binti... akiwa amempa mgongo kwa adabu. Nikanyamaza. Nikasema hajapita. Sema. Alipita. Hakuchanganyikiwa mtu. Hakuna aliyeniomba. Alipita... na ndiye Sabum wenu. Waleteni wasichana.

Sasa mpe mkanda. Mfunge wewe, Janefer, mkono wake hauwezi. Ncha zilingane. Hapo.

Chepkirui, simama mbele yetu. Usinitazame kwa huruma, simama kama mkubwa wa mstari.

Obure... niteremshe. Hapana. Magoti hayapo. Usiniteremshe. Nataka kumwinamia na siwezi... sina mgongo tena. Wewe unao. Sikulazimishi. Hili ulifanye ukiwa unataka... au uniambie hapa, tugeuke, twende nyumbani.

Umesema nini?

Basi inama, mwanangu. Chini zaidi, usiogope, nimekushika. Chini. Ukiinama wewe, na mimi nimeinama.